Helmeti ya Mama Mkwe

Mbithe alitoka wodini akihesabu kwa vidole ili asisahau. Mulwa, mumewe, alikuwa akimngoja nje ya lango la hospitali, ameegemea pikipiki yake.

"Maji yasiingie," Mbithe alisema, akakunja kidole cha kwanza. "Upepo usiingie. Makelele, hapana. Na kila Jumatano arudi hapa Kibwezi asafishwe. Nesi amesema ile ngozi wamebandika ndani ya sikio ikitoka, hawabandiki tena. Hapo itakuwa ni basi."

"Mama ameelewa?"

"Ameitikia na kichwa. Lakini Baba Nzau, mama huitikia na kichwa hata ukimtusi."

Mulwa alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Sikio la kushoto la mama mkwe wake lilikuwa limebaki na kausikivu kadogo, ka mtu kusogea karibu kabisa na kupiga kelele. La kulia ndilo hilo daktari alilokuwa amelifungua na kulishona. Likiharibika, Kalondu angemaliza maisha yake akitazama midomo ya watu.

Siku hiyo walikodi gari dogo, akapelekwa nyumbani kama bibi harusi. Lakini gari la kukodi si la kila Jumatano. Nyumbani kwa Kalondu ni ng'ambo ya mto wa mchanga, nyuma ya Ikutha, ambako hakufiki kitu isipokuwa punda na pikipiki. Na magari yanayopita Ikutha kwenda Kibwezi hupiga muziki mpaka vioo vinatetemeka. Kwa hiyo ilikuwa ni pikipiki, mwanzo hadi mwisho, na upepo wa barabara ile ya lami haumwonei mtu huruma.

Utasema shida iko wapi, na mkwe mwenyewe ni mwendeshaji wa boda boda? Tena si mwendeshaji hivi hivi. Walimu na wajawazito wa Ikutha walikuwa radhi kumngoja Mulwa hata kama wengine wamejipanga pale stendi wakiita. Shida ilikuwa hapo hapo, kwamba alikuwa mkwe.

Wakamba wana neno nthoni. Ni aibu, ila si aibu ya mtu aliyekosa. Ni aibu ya heshima. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani machoni, hawali pamoja, hawagusani, na wakikutana njiani mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana kazi kichakani. Kanisani kwao mchungaji alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mbithe alimfikishia sikioni, Kalondu akaitikia amina kwa nguvu, halafu akatokea mlango wa nyuma ili asikutane na Mulwa kwenye ule wa mbele.

Tangu Mulwa amwoe Mbithe, kila neno baina yake na Kalondu lilipitia kwa Mbithe. Kusema na Kalondu kulitaka umsogelee mpaka shavuni, na Mulwa hakuweza kusogea. Kwa hiyo mama huyo alikuwa na mkwe aliyemjengea tangi la maji, aliyemchimbia choo, lakini mama mwenyewe hakuwahi hata mara moja kuisikia sauti yake.

*

Jumatano ya kwanza Kalondu alichukuliwa na Gedion, rafiki wa Mulwa wa pale stendi. Gedion hana ubaya, lakini helmeti yake ya abiria ilikuwa imevaliwa na Ikutha nzima. Ilinuka jasho la soko zima, haikuwa na kioo, na kamba yake ya kidevuni ilifungwa fundo. Kalondu alirudi jioni ameshika sikio kwa mikono miwili, akakataa chakula.

"Sirudi," alimwambia Mbithe. "Nimeishi bila kusikia, sijafa."

Mbithe alimfikishia Mulwa maneno hayo. Mulwa alikuwa akiosha pikipiki, akaacha kitambaa ndani ya ndoo.

"Mwambie nitampeleka mimi."

"Wewe? Atapanda vipi nyuma yako? Atashika nini?"

"Atashika keria. Katikati tutaweka kagunia ka ndengu. Na nitamnunulia helmeti yake, ile ya kufunika uso mzima, yenye kioo cheusi. Akiwa ndani ya hiyo, nani atamjua? Hata mimi sitamwona. Itakuwa kama yuko kwa nyumba yake na mimi niko kwa yangu."

Mbithe alimtazama mumewe kwa muda, akijaribu kuona kama anatania. Kisha akajifunga leso vizuri akashuka bondeni kwenda kwa mama yake. Alikaa huko sana. Aliporudi alikuwa na jibu.

"Amesema kama kichwa chake kitakuwa ndani ya nyumba yake, ataenda. Lakini tupime vizuri. Hataki kitu cha kumfinya."

Ilibidi kwenda kupima. Mulwa aliongozana na Mbithe mpaka boma la Kalondu, akasimama kwenye zizi la mbuzi, akawapa mgongo. Aliwatazama wale mbuzi kwa bidii kana kwamba anataka kuwanunua. Nyuma yake alisikia Mbithe akipiga kelele kwenye sikio la mama yake, na mama akijibu kwa sauti ya wasiosikia, ambayo husikika ng'ambo ya mto.

"Nivue kitambaa na mkwe amesimama hapo?"

"Ametupa mgongo, mama."

"Hata kama. Pima hivyo hivyo."

Mbithe akapima hivyo hivyo. Alizungusha uzi wa katani juu ya kitambaa cha kanisa, ambacho kilikuwa juu ya kitambaa cha nyumbani, ambacho kilikuwa juu ya nywele zilizosukwa Jumamosi. Akapiga fundo mahali ncha zilipokutana, akamletea Mulwa uzi huo. Mulwa alisikia yote, na hata hivyo halikumpitia akilini lolote. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekubaliwa.

Kibwezi, duka la vipuri la Nusaiba ndilo lenye helmeti nyingi. Nusaiba aliachiwa duka na baba yake, mzee Othman, na kwa kupima kitu kwa macho alimzidi marehemu. Aliupokea uzi, akauzungusha kwenye helmeti moja baada ya nyingine.

"Mlipima juu ya nini?" aliuliza.

"Juu ya kichwa," Mulwa akajibu.

"Ni kichwa kikubwa, mashallah."

Mulwa aliona si heshima kujadili ukubwa wa kichwa cha mama mkwe wake dukani. Alilipa. Pesa zile alikuwa amezitenga kwa ajili ya tairi la nyuma, lakini alijiambia tairi bado lina nyuzi chache za kuombea.

*

Jumatano iliyofuata, Kalondu alitoka nyumbani mwake kwa helmeti. Hakungoja kuivalia kwenye pikipiki. Alivikwa chumbani na Mbithe, akatembea hadi barazani akiwa tayari amefungiwa, vitambaa vyote viwili vimebaki mezani. Mulwa alikuwa ameketi anatazama mbele. Alisikia pikipiki ikilemewa kidogo nyuma, kagunia ka ndengu kakamgusa mgongoni, akajua abiria amepanda. Akaondoka taratibu kama aliyebeba trei ya mayai.

Mpaka Ikutha hapakuwa na neno. Kwenye lami aliongeza mwendo kidogo, asichelewe foleni ya kliniki. Alijisikia vizuri. Alikuwa akimlipa mtu deni ambalo hakuna aliyelidai, maana alipokwenda kuposa hakuwa na ng'ombe wala mbuzi, na kulikuwa na mwingine mwenye duka, na bado alipewa Mbithe. Hakuwahi kujua kwa nini. Hilo halikuwa swali la kumuuliza mama mkwe.

Walipoingia lango la hospitali, watu kwenye foleni walianza kucheka. Kijana mmoja akatoa simu apige picha. Mulwa aligeuka, akasahau nthoni yote, akatazama. Helmeti ilikuwa imezunguka. Kioo kilikuwa kimeelekea begani, na mbele, mahali pa uso, palikuwa na plastiki tupu. Mama mkwe wake alikuwa amesafiri njia nzima gizani, ameshika keria kwa mikono yote miwili, vidole vimekuwa vyeupe.

Alishuka bila kusaidiwa. Nesi alimvua helmeti ile, akamfunika kichwa kwa shuka ya hospitali na kumwingiza ndani. Alipotoka alimwita Mulwa pembeni.

"Wewe ni kijana yake?"

"Ni mkwe."

"Sawa. Sikia basi, mkwe. Hii kitu ni kubwa. Upepo umeingia chini ukapanda juu, ukawa unavuma ndani kama kwa mtungi, na sponji imesugua pale pale tulishona. Kumevimba. Ngozi bado imeshika, lakini hatuna bahati nyingine ya kutumia. Kwa nini hukusimama?"

"Sikujua. Hakusema."

"Nimemuuliza." Nesi naye alikuwa Mkamba, na uso wake ulilegea kidogo. "Amesema mabega yako yalikuwa hapo karibu tu. Hakujua atakugusa vipi, wala atakuita vipi."

Mulwa alitazama chini. Alikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri njiani, akaona haya, na hii haikuwa ya heshima. Ilikuwa ile nyingine.

"Angekufa hapo nyuma na heshima yake?" nesi alisema. "Nenda kamtafutie kofia inayomtosha. Na uende na mwenye kichwa."

*

Na Mbithe hakuwepo. Waliingia dukani kwa Nusaiba wawili tu, Kalondu amejitanda shuka ya kuazima, Mulwa mbele yake hatua kadhaa, na hakuna wa kuwatafsiria. Kalondu akasimama anaangalia mitungi ya oili. Mulwa akasimama anaangalia minyororo.

Nusaiba aliitazama helmeti iliyorudi, akamtazama Kalondu, akaelewa.

"Mlipima juu ya kitambaa."

"Juu ya viwili," Mulwa alisema.

Nusaiba alijishika kichwa, juu ya hijabu yake. "Na mimi mwenye kujifunika kila siku sikuuliza. Kaka, toka nje ukakae. Mama huyu ni wangu sasa."

Mulwa akatoka, akakaa juu ya tairi kuukuu mlangoni, uso kwa barabara. Nusaiba alimpeleka Kalondu nyuma ya pazia lililogawa duka na stoo, akamvua shuka, akamvika kikofia chembamba cha kitambaa laini, kile wanachovaa wanawake wa kwao chini ya hijabu ili nywele zisichomoze. Yote hayo Mulwa aliyajua kwa kusikia tu, kwa sababu Nusaiba alipiga kelele ili Kalondu asikie, na Kalondu alipiga kelele kwa sababu ndivyo alivyosema siku zote.

"Hii je, mama? Inafinya wapi?"

"Paji la uso."

"Basi si yako, kichwa chako ni kirefu, hii ni ya kichwa cha mviringo. Leta. Hii?"

"Inakanyaga sikio."

"Toa haraka. Hii sasa ina shimo mahali pa sikio, ona, sponji haigusi. Mashavu?"

"Yamebanwa. Naonekana kama nimejaza viazi mdomoni."

"Mashavu yabanwe hivyo hivyo, sponji italegea. Tikisa kichwa. Kimekwenda na kofia? Vizuri. Kaa nayo kwanza, hii sehemu ya mdomo huinuka, tunywe chai. Ikikuuma kabla kikombe hakijaisha, tunatoa."

Vikombe viligongana. Kisha Nusaiba akaita nje, "Kaka, washa pikipiki, ipige moto hapo mlangoni." Mulwa akawasha, akavuta mafuta mpaka wapita njia wakageuka.

"Mama, kuna kelele?"

"Kelele gani?" Kalondu aliuliza.

Nusaiba alicheka mpaka akakohoa. "Zima, kaka. Huyu si shahidi wa kelele." Badala yake alimshushia ile sehemu ya mdomo, akasogeza feni ya mezani, akaifungua mpaka mwisho, akaielekeza chini ya kidevu cha Kalondu, pale ambapo helmeti hii ilikuwa na kitambaa kinene cha kuziba shingo. Akauliza kama upepo umefika sikioni. Kalondu akasema umefika kidevuni ukarudi.

Wakaendelea kunywa chai. Na pale nyuma ya pazia, akiwa amefungiwa ndani ya ile kofia na akiamini mlango uko mbali, Kalondu akaanza kumsimulia Nusaiba habari zake, kwa ile sauti yake ya kuvuka mto.

"Huyu anayekaa hapo nje. Alikuja kuoa hana hata kuku. Ndugu zangu wakakataa. Kulikuwa na mwingine, ana duka. Nikawaambia ngojeni. Siku hiyo walipokuja kuposa, mbuzi wangu alikuwa anazaa vibaya nyuma ya nyumba, na wageni wote wakakaa na suti zao. Huyu alivua shati akaenda akamsaidia. Hakujua kama namwona, nilikuwa dirishani. Nikasema huyo achukue mtoto. Mwanangu, Mungu alininyima masikio, lakini hakuninyima mkwe. Tangi la maji ni yeye. Choo ni yeye. Hii hospitali ni yeye. Na sijawahi kumwambia asante, kwa sababu nitamwambia vipi?"

Mulwa alikuwa ameinama juu ya lile tairi. Gari la mizigo lilipita, vumbi likamfunika, naye akashukuru kwa ajili ya vumbi hilo, maana lilimpa sababu ya kujifuta macho.

"Nimwambie?" Nusaiba aliuliza. Bila shaka alijua kwamba mtu wa nje ana masikio mazima.

Kalondu alifikiri. "Mwambie asichukue ya bei ya chini kwa kuogopa mfuko. Na asichukue ya bei ya juu kwa kunionea haya. Achukue hii iliyo kichwani. Kikombe kimeisha, na haijaniuma."

Ile ya kwanza Nusaiba aliipokea tena, akakata kidogo kwa ajili ya mikwaruzo, na pesa iliyopungua kwenye bei ya mpya Mulwa akaiongeza. Kabla hawajaondoka, Kalondu alifungua pindo la leso, akatoa pesa za ndengu zilizokunjwa, akaziweka mkononi mwa Nusaiba. "Mpe. Sema ni za tairi. Binti yangu husema kila kitu." Nusaiba akatembea hatua tatu akampa Mulwa, ambaye alimwambia Nusaiba asante, na Nusaiba akarudi na hiyo asante akaipeleka. Kwa uso wake wa kuuza vipuri aliibeba kama mtu aliyebeba maziwa.

*

Tangu hapo Jumatano zilikwenda vizuri. Kalondu alipanda na helmeti yake na kikofia chake laini, kagunia ka ndengu katikati. Mulwa alijifunza kusimama mwenyewe kila baada ya mwendo fulani, akatazama kando na kuinua kidole gumba. Abiria wake akiinua cha kwake, kivuli kilimwonyesha, wakaendelea. Nesi alimwambia uvimbe umeshuka. Halafu akamwambia ngozi imeshika. Halafu, Jumatano ya mwisho, alitoa pamba yote iliyokuwa ndani ya sikio, akamwambia Kalondu asitarajie makubwa siku hiyo, sikio hurudi polepole, na kwa wengine halirudi kabisa.

Mulwa aliyasikia hayo koridoni. Njia yote ya kurudi aliomba, bila maneno mazuri, akirudia tu "tafadhali". Nyuma yake hapakuwa na dalili yoyote.

Kwenye mto wa mchanga abiria hushuka. Ndivyo ilivyo, tairi huzama. Kalondu alishuka, akabaki na helmeti kichwani kama kawaida yake, ila aliinua kioo apate hewa. Mulwa alizima injini, akainamia usukani, akasukuma. Mchanga ulikuwa mzito siku hiyo, mama wa watu alikuwa akizama ndani yake mpaka kwenye vifundo vya miguu hatua chache nyuma yake, na Mulwa akasema lile alilosema kila Jumatano mahali pale, chini chini, kwa kuwa halikuwa na wa kulisikia.

"Pole, mama. Tumekaribia."

Hatua za nyuma zikasimama. Mulwa naye akasimama, akidhani ameanguka, lakini hakugeuka.

"Kumbe hiyo ndiyo sauti yako," Kalondu alisema.

Hakuisema kwa kelele. Aliisema kama watu wanavyosemezana wakiwa karibu, na Mulwa hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Alishika usukani kwa nguvu ili pikipiki isianguke.

"Nilidhani ni nzito zaidi," mama mkwe wake akaendelea. "Miaka yote nimekuwa nikiifikiria. Asante, Mulwa. Sema tena."

Mulwa alitazama mbele, mahali adabu ilipotaka atazame.

"Pole, mama," akasema. "Tumekaribia."